Gari la Honi Lililokwama

Kila asubuhi, kabla baba yake hajafungua mlango wa karakana, Honi alikuwa ameshawasha gari. Gari lenyewe lilikuwa mfuniko wa sufuria ulioshikwa kwa mikono miwili, na injini yake ilikuwa mdomo. Alianza taratibu, "vru... vru...", kama gari lililolala nje usiku kucha, halafu likashika moto. Alipita katikati ya matairi ya malori yaliyoegemezwa ukutani, akakata kona penye beseni la kutafutia pancha, akasimama mbele ya jikoni na kupiga honi.

"Piii! Kuna mzigo?"

Mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, alimpa chochote kilichokuwa karibu. Leo kitunguu, kesho soksi.

"Mpelekee fundi. Na usiendeshe kama mwehu."

"Sawa, bosi."

Mzigo ulifika. Baba, fundi wa matairi mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko, aliupokea, akaukagua, akasema, "Barabara ilikuwaje?" Honi alimweleza barabara ilivyokuwa, na maelezo hayakuwa mafupi. Alikuwa bado hajaanza shule. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahauliwa na kila mtu, isipokuwa kadi ya kliniki.

Dada yake alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliitwa Kichwa. Jina hilo alipewa na baba kwa sababu ya hesabu. Swali ambalo wenzake walilikodolea macho, yeye alilimaliza wakiwa bado wanachonga penseli. Alilipenda jina lake kupita kiasi. Mtu ukiitwa Kichwa kila siku, haupiti muda kabla hujaanza kuwaona wengine wote ni miguu.

Baada ya shule, kazi yake ilikuwa kumwangalia mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na shida moja tu. Hakuwa na utingo, yule msaidizi wa lori anayeruka chini kumwelekeza dereva anaporudi nyuma.

"Dada, kuwa utingo wangu."

"Nina kazi."

"Utingo hana kazi kubwa. Anasema rudi, rudi, simama. Basi."

"Honi, huo ni mfuniko wa sufuria."

"Ndiyo, kwa nje," Honi alisema bila kukasirika. "Ukishaingia ndani ni usukani."

Kichwa alisonya akarudi kwenye daftari lake.

Mambo yaliharibika siku wanafunzi wenzake walipokuja nyumbani ili awaelekeze sehemu za desimali. Aliwatengea benchi uani, akasimama mbele yao kama mwalimu. Miongoni mwao alikuwapo Kiberiti, kijana mfupi ambaye maneno yake yaliunguza watu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kichwa alikuwa katikati ya maelezo Honi alipotokea kwa kasi na kufunga breki mbele ya benchi.

"Utingo! We utingo! Panda upesi, tunaondoka!"

Kisha Kiberiti akaweka penseli yake chini taratibu, kama mtu anayefurahia chakula kabla hajakila.

"Ooo," alisema. "Kumbe Kichwa ana kazi nyingine."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake Kichwa alipoitwa ubaoni, sauti kutoka nyuma ya darasa ilisema, "Rudi, rudi, rudi... simama!" Alipokwenda chooni, wavulana walijipanga pande mbili wakimpungia mikono, "Kata kulia, utingo, kuna shimo!" Wasichana aliowahi kuwacheka kwa kushindwa hesabu sasa walikuwa na la kumlipa, nao hawakumhurumia hata kidogo. Alijikaza wiki nzima. Alicheka nao ili waone hajali. Lakini kila alipofika nyumbani na kusikia "vruuum" ile, alihisi kama mtu anamkuna kwenye kidonda.

Siku ya mwisho wa wiki, alimwita Honi nyuma ya karakana, upande ambao mashine ya upepo ya baba ilinguruma kiasi kwamba aliye mbele hakusikia kitu.

"Njoo hapa. Hiki ni nini?"

"Usukani."

Kichwa alimshika sikio na kulikunja. "Hiki ni nini?"

"Mfuniko," Honi alisema.

"Wa nini?"

"Wa sufuria."

"Na gari liko wapi?"

Honi aliangalia kulia na kushoto kwake, kama mtu aliyeulizwa shati lake liko wapi naye amelivaa. Kichwa akalikunja sikio zaidi.

"Sema, sina gari."

"Sina gari."

"Sikusikii."

"Sina gari!"

"Sema, mimi ni mtoto mjinga ninayekimbia na mfuniko."

Honi alisema. Sauti ilipokatika katikati, dada yake akamlazimisha aanze upya. Kichwa alipoinua macho aliwaona Kiberiti na rafiki zake wamesimama kwenye uwazi wa ukuta wa nje. Walikuwa wamesikia yote. Kiberiti akapiga makofi polepole.

Hapo ndipo Kichwa alipofanya jambo ambalo peke yake asingelifanya. Aliunyakua mfuniko akaurusha kwenye mwanya uliokuwa kati ya ukuta wa karakana na ukuta wa stoo ya saruji ya jirani. Uligonga huku na huku, ukatulia mbali ndani.

"Haya, nenda kafuate gari lako!"

Wenzake walishangilia. Kichwa aliingia ndani, akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza wiki ile akajisikia mwepesi.

Mwanya ule ulikuwa mwembamba kuliko mlango wa kabati. Mtu mzima hakuweza kupitisha hata bega. Juu kuta ziliachana kidogo, lakini chini msingi wa stoo ulitokeza, zikakaribiana. Paka tu ndiye aliyepita humo.

Kichwa alifanya swali la kwanza na la pili. Kwenye la tatu aligundua kwamba ua ulikuwa kimya. Akangoja asikie honi. Badala yake akasikia sauti nyembamba ikilia kutoka mahali ambapo hapakuwa na chumba.

Alikimbia nje. Honi alikuwa ndani kabisa ya mwanya, kiubavu, uso umeelekea kwake, kifua kimebanwa mbele na nyuma. Kichwa alijaribu kumfikia, akashindwa. Kisha, badala ya kumwita baba hapo hapo, alisimama akifikiria atasema nini akiulizwa. Mtoto analia ukutani, na dada yake anatunga jibu! Alipokwisha kulipata ndipo akapiga kelele.

Baba alikuja na mtaimbo mkononi. "Ameingiaje humo?"

"Sijui, baba."

Kiberiti, aliyekuwa bado anazubaa pale nje, alimwangalia akatabasamu. Siri ile alikuwa ameiweka akiba.

Baba alirusha ndani mkanda wa kufungia mizigo. "Pitisha mkono, mwanangu. Pitisha, nikuvute." Honi alipitisha mkono wa kushoto. Baba akavuta. Alikuwa mtu aliyezoea kuvuta vitu visivyolia. Kitu kilisikika, "kok!", na Honi akatoa yowe lililowafanya watu wa barabarani wageuke. Bega lilikuwa limeteguka.

"Basi, basi, basi," baba alisema, jasho likimtoka. Majirani walianza kujaa. Akawaza kama fundi wa matairi anavyowaza. "Tairi lililoganda kwenye ringi halivutwi. Linapakwa sabuni." Akaleta ndoo ya maji ya sabuni, ile aliyokuwa akitumia kazini kila siku, akaimwaga mwanyani kwa nguvu.

Lilikuwa kosa baya. Honi alikuwa amesimamisha vidole vya miguu kwenye ukingo wa ule msingi, na ukingo huo ndio uliomshikilia. Sabuni ilipofika, miguu iliteleza. Akazama chini, mahali kuta zilipokaribiana zaidi, na yowe lake likakatika kama redio iliyochomolewa. Sasa alilia kwa vipande vidogo vidogo.

Mwashi aliyekuwa akijenga nyumba ya pili alifika na nyundo kubwa. Aligonga ukuta wa stoo, akasikiliza, akaingia ndani kutazama. Alitoka akitikisa kichwa.

"Ndani mifuko ya saruji imepangwa hadi darini, yote imeegemea ukuta huu. Nikipiga hapa, saruji itamlalia."

"Vunja huu wa kwangu!" baba alisema.

"Huu wako umebeba paa. Unataka kumzika na paa?"

Mwenye stoo akaanza kuhamisha mifuko, watu wakamsaidia, lakini kila mtu aliona kwamba kazi ile ingefika jioni. Na mtoto hakuwa na jioni. Kila alipolia alivuta pumzi kubwa, kila alipovuta pumzi kifua kilijaa, na kila kilipojaa ukuta ulimkaba zaidi.

"Tulia wewe!" mmoja alimfokea.

"Acha kulia, nyamaza, utakufa!" akasema mwingine, mwanamke aliyejiona anasaidia.

Honi akalia zaidi.

Kichwa aliliona jibu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kifua kikipungua, mwanya unatosha. Anatakiwa atoe pumzi polepole na asivute nyingi. Lakini jibu lilikuwa kwake, na kifua kilikuwa cha Honi. Kwa kuwa alikuwa mwembamba, safari hii aligeuka kiubavu akajisukuma ndani hadi ukuta ukamkwaruza shavu. Baba akalishika gauni lake kwa nyuma. Aliponyoosha mkono, vidole vyake viliufikia mkono wa kulia wa mdogo wake. Ulikuwa wa baridi na wenye sabuni.

"Honi, ni mimi. Nisikilize. Toa pumzi taratibu."

Honi alitikisa kichwa na kulia.

"Fanya ninavyokuambia! Toa pumzi!"

Hakuna. Watu kumi walikuwa wameshampa amri kumi, na hii ilikuwa ya kumi na moja. Kichwa alijua ni lugha gani mtoto huyu husikia. Lakini aliona haya. Nyuma yake alikuwapo Kiberiti, walikuwapo rafiki zake, ulikuwapo mtaa mzima.

"Piii," alisema kwa sauti ndogo.

"Ayayaya!" Kiberiti alipasuka. "Utingo kaingia kazini!"

Wawili watatu walicheka. Mwashi akageuka. "Wewe kijiti, waka tena uone. Nitakuchomeka humo ukae badala yake."

Kicheko kikafa. Kichwa akaukaza mkono wa mdogo wake.

"Dereva," alisema. "Gari lako limekwama. Utingo nimefika."

Honi alinyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya kuazima, "Sina gari."

"Unalo."

"Ulisema sina. Ulinikunja sikio niseme kwa nguvu. Ukatupa usukani."

Maneno yalitoka mwanyani kidogo kidogo, lakini yalitoka, na kila aliyekuwa pale aliyasikia. Kichwa alihisi mkono wa baba ukilikaza gauni lake hadi likambana shingo. Angekuwa nje angekimbia. Lakini alikuwa amebanwa kati ya kuta mbili, shavu kwenye tofali, na mbele yake palikuwa na macho mawili tu.

"Nilisema uongo," alisema. "Gari lipo."

"Liko wapi?"

"Umekaa ndani yake."

"Rangi gani?"

Kichwa alitazama. Aliona giza, ukungu wa ukutani, na uso wa mtoto uliokuwa ukibadilika rangi. "Jekundu."

"Siyo." Mdomo wa Honi ulianza kutetemeka tena.

"Bluu! La bluu, si ndiyo?"

"Huoni kitu wewe," Honi alisema, akaanza kulia upya. Kifua kikajaa, ukuta ukakaba.

Kichwa hakuwahi kuulizwa swali akakosa kunyoosha mkono. Sasa alikuwa na swali moja tu la kujibu, wala halikuwa gumu, mtoto yeyote wa mtaa ule angelipata. Ila yeye hakuwahi kuangalia.

"Sijui," alisema, na sauti yake ilivunjika. "Kweli, Honi, sijui. Sikuwahi kuliangalia. Nieleze wewe."

Honi alivuta kamasi.

"Kijani," Honi alisema. "Mlangoni kuna samaki."

"Samaki mkubwa?"

"Wa kawaida."

"Limebeba nini?"

"Mashuka ya mama. Wagonjwa wamelala bila mashuka."

"Basi tusiwacheleweshe. Limekwamaje, dereva?"

Honi alifikiri. Alipofikiri, hakulia. "Tumbo la gari limegusa. Na mlango wa kushoto umevunjika."

"Mlango huo hatuugusi. Tunafanyaje?"

"Hujui?"

"Wewe ndiye dereva. Mimi utingo."

Baba alitaka kusema jambo nyuma yake. Mwashi alimshika mkono, akanyamaza.

"Tunatoa upepo," Honi alisema hatimaye. "Baba alimwambia yule wa lori la mawe. Gari likizama kwenye tope, punguza upepo kwenye matairi."

"Haya, toa upepo."

"Pssssssss," Honi alifanya. Alifanya kwa ukamilifu, kama alivyofanya kila kitu cha gari, mpaka upepo wote ukaisha. Kifua kililala. Kichwa akausikia mkono ule ukilegea, akauvuta kidogo tu, na Honi akasogea upana wa kidole.

"Limesogea!" alisema Honi, mwenyewe akashangaa.

"Weka upepo kidogo. Kidogo tu! Haya, toa tena. Sasa kanyaga mafuta."

Vidole vya miguu vilitafuta ukingo wa msingi, vikaupata, vikateleza. Vikatafuta tena, vikateleza.

"Matairi yanazunguka tu," Honi alisema, na hofu ikaanza kumrudia.

Hapo Kichwa akafumba macho. Si kwa kuomba. Alifumba ili aone. Akaliona lori la kijani, limezama hadi ekseli, magurudumu yanazunguka na kurusha tope, samaki wa kawaida mlangoni. Akajiona amesimama kando yake, miguu kwenye matope. Utingo angefanya nini?

"Mchanga!" alipiga kelele. "Mwashi, lete mchanga mkavu! Mwagia chini ya miguu yake, kutokea juu!"

Mwashi hakuuliza. Alipanda juu ya paa na debe la mchanga wake wa kujengea.

"Dereva, utingo anaweka mchanga chini ya matairi. Funga vioo!"

Honi alifumba macho kwa nguvu. Mchanga ulishuka, ukaganda kwenye sabuni, ukaufunika ukingo.

"Fungua. Gia ya kurudi nyuma. Toa upepo wote. Kanyaga!"

"Psssssss."

Vidole vilishika. Mwili ulipanda, ukatoka pale palipokaba. Kichwa alimvuta kwa mkono wa kulia, baba akamvuta Kichwa kwa nyuma, naye hakuacha kuelekeza. "Rudi, rudi, kata kulia kidogo, mlango wa kushoto usiguse, rudi, rudi..." Alisema kwa sauti ya juu kabisa, mbele ya watu wote, na wala hakukumbuka kwamba kuna watu.

"Simama!"

Honi alikuwa nje. Alikuwa mweupe kwa saruji na vumbi, kifua kimechubuka, mkono wa kushoto umening'inia. Baba alimbeba. Alimpita Kichwa bila kumtazama, kama mtu anavyopita nguzo, akaelekea hospitali.

Huko mama alimkuta mwanawe amelazwa kwenye shuka alilolifua mwenyewe asubuhi ile. Daktari alilirudisha bega mahali pake, na Honi alilia kwa pumzi zote alizokuwa amenyimwa. Mbavu hazikuvunjika.

Siku zilizofuata mama hakumgombeza Kichwa. Afadhali angemgombeza. Alimwekea chakula, alimfulia sare, na hakumwambia neno. Shuleni Kiberiti alijaribu "rudi, rudi" mara moja, akakuta hakuna anayecheka. Wengine walikuwa wamesikia mtoto yule akilia. Lakini kilichomwumiza zaidi Kichwa ni asubuhi. Baba alifungua mlango wa karakana, mama aliondoka na mkoba wake, na ua ulikuwa kimya. Honi aliketi kwenye tairi, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akiangalia miguu yake. Hakuomba mzigo. Ukimpa kitunguu, alikishika kama kitunguu.

Kichwa aliogopa kwamba ameliua lile gari, na kwamba kutoka mwanyani kulikuwa safari yake ya mwisho.

Halafu siku moja, akiwa anapiga mswaki, alisikia, "vru... vru..." Alitoka mbio, povu bado mdomoni. Honi alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja. Hakushika kitu chochote. Vidole vyake vilikunjwa hewani.

"Dereva! Nipo! Utingo nipo!"

Honi alimpita.

"Honi, simama, nipande!"

"Gari limejaa," Honi alisema, akakata kona.

Alirudi mara ya pili. Limejaa. Mara ya tatu hata hakujibu, alitikisa kichwa tu kama wanavyofanya madereva.

Kichwa aliingia jikoni akilia. Mama alikuwa anafunga kiatu.

"Mama, hanitaki. Nimeomba mara tatu. Anasema gari limejaa."

Mama alimaliza kufunga kiatu. Kisha akazungumza naye kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ulitegemea nini? Ulimtoa ukutani, ndiyo. Na ni wewe uliyempeleka. Moja toa moja ni ngapi? Wewe ndiye mtu wa hesabu."

Kichwa aliinamisha uso.

"Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nimeambiwa yote. Palikuwa na watu wazima wengi pale, wenye akili zao na nguvu zao. Mwenye nyundo aliwaza nyundo. Baba yako aliwaza sabuni, kwa sababu sabuni ndiyo aliyoizoea. Wewe uliwaza hesabu, na hesabu yako ilikuwa sawa, ila haikumsogeza mtoto hata kidole. Mwanangu hakuwa na kitu mkononi. Akawaza gari. Na wewe mchanga uliuona lini? Ulipokuwa umesimama nje unajua kila kitu, au ulipokubali kupanda?"

"Nilipopanda," Kichwa alisema.

"Basi ndiyo hivyo. Unadhani mtoto anayejifanya dereva hajui kwamba ule ni mfuniko? Anajua vizuri kuliko wewe. Anafanya kazi ngumu kuliko desimali zako. Anatazama kitu kilichopo, anakifikiria kuwa kingine, kisha anatatua shida za hicho kingine. Mtu aliyezoea hivyo tangu utotoni, siku akikuta njia imefungwa atawaza ya pili. Aliyekatazwa atakaa pale akingoja aambiwe. Ukimcheka mtoto kwa sababu anaigiza, unamkata kitu ambacho daktari hawezi kukirudisha kama alivyorudisha bega. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Futa povu hilo mdomoni." Mama alichukua mkoba wake. "Nenda kasimame kituoni kama watu wengine. Asipokupakia leo, kesho utasimama tena. Na asipokupakia kesho, usimkunje sikio."

Kichwa alichungulia uani. Palikuwa na matairi, beseni la maji, na mtoto mwenye mkono shingoni akizunguka na kuzunguka.

"Kituo kiko wapi, mama?"

"Mimi nitajuaje?" mama alisema, akiwa ameshatoka mlangoni. "Kamwulize dereva."